Waulize Wahandisi: Kulipima Daraja Ukiwa Mbali

Toleo lililopita tuligusia vihisi vinavyofungwa kwenye madaraja na kutuma vipimo kwa mtandao. Barua zimekuja nyingi, na nyingi zimeandikwa na watu ambao wana daraja la kulisimamia au chombo tayari mezani. Tumechagua zile ambazo majibu yake yatawafaa na wengine.

Fedha ni kidogo. Nianze na kihisi kipi?

*Ndugu wahandisi, salaam. Nasimamia daraja la zege lenye spani tatu (nafasi kati ya nguzo na nguzo) za mita 20 kila moja, juu ya mto wa mchanga unaokauka kiangazi na kuja kwa kishindo masika. Nguzo zina upana wa mita 1.2, na kutoka chini ya boriti hadi mchangani ni mita 6 hivi. Malori huchota mchanga karibu mita 300 chini ya daraja. Muuzaji ameniletea bei ya vipima mtetemo 12 vya kufunga kwenye boriti. Nivichukue?*
Fundi sanifu, Dodoma

Usivichukue, ndugu yetu. Boriti fupi za zege huonesha ugonjwa wake waziwazi: ufa, alama ya kutu, zege linalobanduka na kuacha nondo nje. Mtu mwenye ngazi, tochi na nyundo ndogo anayaona hayo yote kwa nusu siku. Kitakachoangusha daraja lako kiko chini ya mchanga.

Maji ya mafuriko yakiipiga pua ya nguzo (upande unaokabili mkondo) hugeuka kuelekea chini, yakazunguka miguuni mwake na kufukua. Kwa nguzo nyembamba, shimo hilo linaweza kufika kina cha mara 2.4 ya upana wa nguzo. Kwako ni karibu mita 3, na hapo hatujahesabu malori. Mchanga ukichotwa chini ya daraja, mto hujichimba kurudi juu hadi usawa wa kitanda chake ulingane tena, na shimo la mita 300 kutoka kwako linahamia taratibu kwenye nguzo zako. Hilo limeua watu. Tarehe 4 Machi 2001, nguzo moja ya daraja la Hintze Ribeiro juu ya mto Douro, Ureno, ilizama baada ya miaka mingi ya uchimbaji wa mchanga kushusha kitanda cha mto. Basi na magari matatu yalitumbukia usiku, na watu 59 wakafa.

Jambo linalowadanganya wengi ni kwamba shimo hilo hujifunika. Mafuriko yakipungua, maji huangusha mchanga ambao yalikuwa yameubeba, shimo linajaa, na ukishuka asubuhi na fimbo ya kupimia unakuta kila kitu kiko sawa. Mchanga huo mpya ni laini na haubebi kitu. Kwa hiyo unahitaji chombo kinachokumbuka kina kikubwa kilichofikiwa wakati hakuna mtu aliyeweza kusogea.

Kwa fedha yako tungenunua hivi. Kwanza, kipimo kimoja cha kina cha maji cha rada. Cha mawimbi ya sauti ni rahisi zaidi, lakini kasi ya sauti hubadilika kwa asilimia 0.17 hivi kwa kila nyuzi moja ya joto. Kutoka urefu wa mita 6, tofauti ya nyuzi 15 kati ya usiku na mchana inakupa kosa la sentimita 15 ikiwa chombo hakijisahihishi. Kifunge upande wa chini wa mkondo, ambako magogo hayafiki, katikati ya spani, juu ya mkono wa chuma uliotoka nje ya boriti angalau sentimita 80. Miali ya rada yenye pembe ya nyuzi 10 imeshapanuka kufikia mita 1 ikifika chini, na mkono ukiwa mfupi utakuwa unapima boriti.

Pili, kola ya sumaku kwa kila nguzo. Ni bomba la chuma lililopigiliwa wima mchangani kwenye pua ya nguzo, likiwa limevikwa pete nzito yenye sumaku inayokaa juu ya mchanga. Mchanga ukiondoka, pete inashuka. Mchanga ukirudi, pete inabaki kulekule chini imezikwa, na hiyo ndiyo kumbukumbu unayoitaka. Ndani ya bomba kuna swichi za sumaku kila sentimita 15 zinazoeleza pete iko wapi. Kinachoharibu chombo hiki ni magogo. Kibane kwenye nguzo kila mita moja na ukikinge kwa engo aini upande wa juu wa mkondo.

Tatu, kipima mwinamo juu ya kila nguzo, chenye uwezo wa kuona sehemu ya mia ya nyuzi. Nguzo ya mita 8 ikiinama nyuzi 0.1 tu, kichwa chake kimesogea milimita 14. Usiweke kengele wiki ya kwanza. Jua la asubuhi hupasha upande mmoja wa nguzo na kuiinamisha kidogo kila siku, kwa hiyo acha chombo kiandike mwezi mzima ndipo ujue mwinamo wake wa kawaida.

Na kuhusu hayo malori, peleka barua kwa bodi ya maji ya bonde lako wiki hii hii, kabla hata ya manunuzi. Kihisi kitakuambia nguzo imefukuliwa, lakini mchanga hakitaurudisha.

Masafa ya mtetemo yameshuka mchana. Daraja limeharibika?

*Mimi ni mwanafunzi wa uhandisi. Nimefunga kipima mtetemo katikati ya spani ya mita 30. Saa kumi alfajiri nilipata 3.95 Hz, saa nane mchana nikapata 3.80 Hz. Nimesoma kwamba masafa yakishuka, maana yake daraja limepoteza ugumu. Nimwambie nani?*
Mwanafunzi, Mbeya

Usimwambie mtu bado, kijana wetu, ila endelea kupima. Thamani zenyewe ni za kuaminika, kwa sababu daraja la kawaida la spani ya mita 30 hutetema karibu na 4 Hz, yaani mara nne kwa sekunde. Shaka yetu iko kwenye tofauti.

Ulirekodi kwa muda gani? Rekodi ya sekunde 10 hutenganisha masafa kwa hatua za 0.1 Hz, na tofauti yako ya 0.15 ni kama hatua moja na nusu tu. Rekodi dakika 10 na hatua inakuwa chini ya 0.002 Hz. Ulisoma mara ngapi kwa sekunde? Ukisoma mara 10, mtetemo halisi wa 6.05 Hz utajitokeza kwenye mchoro wako ukijifanya 3.95. Soma mara 100, na kabla ya usomaji pawe na kichujio kinachokata kila kilicho juu ya 40 Hz. Na je, lori lilikuwa juu ya daraja? Uzito wake unaongezeka kwenye uzito wa spani na kushusha masafa. Tumia zile sekunde baada ya lori kutoka, daraja likitetema lenyewe.

Ukiyasahihisha hayo yote, bado utaona mabadiliko ya kila siku, kwa sababu ya joto. Kwenye daraja la Alamosa Canyon, New Mexico, watafiti walipima kwa saa 24 mfululizo na masafa ya kwanza yakabadilika kwa asilimia 5 hivi, bila kitu chochote kuharibika. Sasa linganisha na jaribio jingine la jimbo hilohilo. Mwaka 1993, kabla ya kubomoa daraja la barabara ya I-40 juu ya Rio Grande, mhimili wake wa chuma wenye kimo cha mita 3 ulikatwa kwa makusudi kwa hatua nne. Kabla ya kukata, masafa ya kwanza yalikuwa 2.48 Hz. Baada ya mkato wa kwanza na wa pili yalikuwa 2.52. Baada ya wa tatu, 2.46. Ni pale tu ubao wa chini wa mhimili ulipokatwa wote ndipo yakashuka hadi 2.30, yaani asilimia 7.

Zisome tena namba hizo. Mhimili mkuu uliokwisha kukatwa mara tatu haukubadilisha masafa kuliko jua la siku moja linavyofanya. Ndiyo maana hatukubaliani na mtu anayeuza kipima mtetemo kimoja akisema kitagundua ufa.

Kipimo chako kinaweza kufaa, lakini kwa subira. Funga kihisi cha joto juu ya lami na kingine chini ya boriti, rekodi mwaka mzima, chora masafa dhidi ya joto. Utapata wingu la nukta lenye mwelekeo. Unachotafuta baadaye ni nukta zinazotoka nje ya wingu kwa joto lilelile. Usiishie nyuzi za joto za kati tu: kwenye daraja la Z24 la Uswisi, lililopimwa kwa karibu mwaka mzima kabla ya kuharibiwa kwa makusudi mwaka 1998, lami ilipoganda kwa baridi masafa yalipanda ghafla na mstari ukavunjika. Mbeya haigandi namna hiyo, lakini asubuhi za Juni na Julai zisikose kwenye data yako.

LoRa inatosha, au ni lazima laini ya simu?

*Mimi ni fundi wa mitandao. Tuna daraja la kufunga vipima mtetemo vinane vyenye mielekeo mitatu. Bando la kila mwezi ni mzigo, nataka kutumia LoRa, redio inayotuma data kidogo mbali bila laini ya simu, kwa sababu haina malipo. Mnashauri nini?*
Msomaji, Kisumu

Piga hesabu kwanza. Kipima kimoja kikisoma mara 100 kwa sekunde, mielekeo mitatu, baiti 3 kila somo, kinatoa baiti 900 kwa sekunde. Dakika moja ni baiti 54,000. Kwa mpangilio wa LoRa unaofika mbali zaidi, pakiti hubeba baiti 51 na hukaa hewani sekunde 2.8 hivi. Utahitaji pakiti 1,059, ambazo ni dakika 49 za kurusha ili kupeleka dakika moja ya mtetemo. Kama unabanwa na kanuni ya asilimia 1 ya muda wa hewani, kama ilivyo Ulaya, ni zaidi ya siku tatu. Masharti ya kwenu yaulize Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya kabla ya kununua redio.

Kwa hiyo hesabu ifanyike palepale kwenye chombo. Kila dakika 10 kidhibiti (kompyuta ndogo ya chombo) kitafute masafa matatu ya kwanza, kilele cha mtetemo, wastani wake, joto na volti ya betri. Hayo yote yanaingia kwenye baiti 20, na LoRa inayabeba bila shida. Data ghafi iandikwe kwenye kadi: kipima kimoja kinajaza megabaiti 78 hivi kwa siku, na kadi ya gigabaiti 32 inakaa zaidi ya mwaka. Weka laini moja ya simu kwenye kituo kikusanyi, ilale muda wote, iamke pale kengele inapolia ili kupakia dakika tano za data ghafi. Bando lake litakuwa dogo.

Tatizo litakalokusumbua zaidi ni saa. Fuwele ya kawaida ya saa ndani ya kidhibiti hukosea sehemu 20 kwa milioni, na hiyo ni milisekunde 72 kwa saa moja. Kwa mtetemo wa 4 Hz, kosa hilo ni zaidi ya robo ya mzunguko. Vipima vyako viwili vinaweza kuonekana vinapanda na kushuka kwa kupokezana wakati vinapanda pamoja, na umbo zima la mtetemo likawa uongo. Masafa yatabaki sahihi, kwa hiyo hutagundua haraka. Tumia mapigo ya GPS ya kila sekunde kwa vipima vinavyoona anga, na kwa vilivyo chini ya sitaha (sakafu ya daraja) tuma mlio wa kulinganisha saa kila dakika chache.

Redio nayo ina tabia yake darajani. Chuma huzuia mawimbi, na daraja ni refu na jembamba, kwa hiyo ujumbe hupokezanwa kama ndoo za maji kwenye moto. Mwaka 2006 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walifunga vituo 64 visivyo na waya kwenye daraja la Golden Gate, vikisoma mara 1,000 kwa sekunde, na ujumbe wa kituo cha mbali ulipita mikononi mwa hatua 46 kabla ya kufika. Daraja lenu likiwa la mita mia moja au mbili, halihitaji hayo. Antena moja kila upande wa sitaha, zikionana moja kwa moja, zinatosha.

Umeme: kituo kikusanyi kinachokula wati 3 kinahitaji wati-saa 72 kwa siku. Kwa siku tano za mawingu ni wati-saa 360, na betri ya lithiamu ya volti 12 isiyochotwa zaidi ya asilimia 80 iwe ya Ah (ampea-saa) 38 au zaidi. Paneli ya wati 25 ingetosha kwenye karatasi. Weka ya 50, kwa sababu ya vumbi na masika. Paneli iwe juu ya mlingoti na boliti zisizofunguka kwa spana ya kawaida, na betri ikae ndani ya boksi la chuma mahali pasipofikika bila ngazi, maana vinaibwa. Na kwenu ziwani usifunge chochote bila vizuia radi kwenye kila waya unaotoka nje ya boksi. Ukanda wa Maziwa Makuu hupigwa na radi kuliko karibu sehemu yoyote duniani.

Geji zinapanda kila adhuhuri

*Tumebandika geji za kupima mvutiko, za ohm 350, kwenye mhimili wa chuma, kila moja na nyaya mbili za mita 10 hadi kwenye kisomaji. Kila adhuhuri zinapanda kwa maikrostreni 40 hivi (sehemu 40 kwa milioni za urefu) na jioni zinarudi. Tangu mvua zianze, mbili kati yake zinateleza bila kurudi.*
Mhandisi, Mombasa

Ni magonjwa mawili tofauti. La kwanza ni nyaya zenyewe. Waya wa shaba wa milimita 0.5 za mraba, kwenda na kurudi mita 20, una ukinzani wa ohm 0.69. Joto likipanda nyuzi 10, ukinzani huo unaongezeka ohm 0.027. Kisomaji hakijui kwamba umetoka kwenye waya, kinaona geji imevutika maikrostreni 38. Kwa chuma, hiyo ni MPa 7 na zaidi za mkazo ambao haupo. Tiba ni waya wa tatu: ukiunganisha kwa nyaya tatu, mabadiliko ya waya mmoja yanafutwa na ya mwingine. Hakikisha nyaya zote zina urefu mmoja na zinapita njia moja, usiache mmoja juani na mwingine kivulini.

La pili ni unyevu. Pima ukinzani kati ya geji na chuma. Geji nzima husoma zaidi ya megaohm 1,000. Ikishuka hadi megaohm 1, uvujaji huo peke yake unakupa uongo wa maikrostreni 175. Pima kwa kifaa cha volti chini ya 50, na Megger ya volti 500 ibaki kwenye gari, maana itaichoma geji.

Tunadhani mlibandika kwa gundi ya haraka, ile inayokauka kwa dakika moja. Inafaa maabara. Kwenye hewa ya chumvi ya Mombasa haitafika mwaka. Zirudieni hivi: ondoa rangi hadi chuma kiwe cheupe, sugua kwa msasa namba 400, futa kwa alkoholi ya isopropili kwa kitambaa kisafi na kwa mwelekeo mmoja, ukibadilisha kitambaa hadi kitoke bila doa. Bandika kwa epoksi, bana saa zote zilizoandikwa kwenye kopo. Juu yake weka tabaka la mpira wa butili, kisha karatasi ya aluminiamu, kisha mfuniko, na mfuniko upite geji kwa sentimita 3 kila upande. Rudisha rangi pembeni, la sivyo kutu itaanzia hapo mlipokwangua. Waya uingie boksini kutoka chini, ukiwa umepinda kama tumbo kabla ya kuingia ili tone la maji lidondokee nje.

Mtu aliye ofisini anajuaje kwamba kamba ya daraja imelegea?

*Wanafunzi wangu huvuka daraja jipya la Nile hapa Jinja na wameniuliza swali hilo. Ningependa niwajibu kwa fizikia wanayoijua.*
Mwalimu wa sekondari, Jinja

Wanaijua tayari, Mwalimu, ikiwa wamesoma uzi uliokazwa. Kamba hutetema kwa upepo na magari muda wote, na kipima kidogo kilichofungwa mita chache juu ya sitaha kinasikia masafa yake. Nguvu ya kamba ni mara 4 ya kilo zake kwa mita, mara urefu kipeo cha pili, mara masafa kipeo cha pili. Wape kamba ya mfano: kilo 60 kwa mita, urefu wa mita 100, masafa 1.2 Hz. Jibu ni nyutoni 3,456,000, sawa na kubeba tani 350 hivi. Masafa yakishuka hadi 1.17, nguvu imepungua kwa karibu asilimia 5. Kwa sababu ya kipeo cha pili, mabadiliko madogo ya masafa yanaonesha mabadiliko makubwa zaidi ya nguvu, na hapa ndipo kipima mtetemo kinapostahili bei yake kuliko kwenye boriti. Wahandisi hurekebisha urefu kidogo, kwani ncha za kamba hukaa ndani ya mabomba yenye vifyonza mtetemo.

Waongezee kwamba kamba moja ikilegea, jirani zake hukaza. Ukiona moja imeshuka na mbili za pembeni zimepanda, hilo ni jambo la kweli. Zikishuka zote pamoja, tazama kwanza joto.

Kutu ndani ya kamba haigunduliki kwa hesabu hiyo peke yake. Daraja la Genoa lililoanguka tarehe 14 Agosti 2018 na kuua watu 43 lilikuwa na kamba za chuma zilizofunikwa kwa zege, ambako jicho halifiki. Kwa kutu ya ndani hutumika vihisi vya kusikiliza, vinavyonasa mlio wa uzi mmoja wa chuma ukikatika na kukadiria mahali ulipokatikia kwa tofauti ya muda ambao mlio umefika kwa kila kihisi.

Simu yangu haiwezi kufanya kazi hiyo?

*Ina kipima mtetemo ndani.* Msomaji, Kigamboni

Kwa masafa, inaweza. Watafiti waliweka simu ndani ya magari yaliyovuka Golden Gate, wakakusanya safari zaidi ya 100, na mwaka 2022 wakaonesha kwamba masafa ya daraja hupatikana ukijumlisha safari nyingi. Safari moja haitoshi, kwa kuwa springi za gari na mashimo ya barabara hufunika sauti ya daraja. Kwa daraja la miguu, iweke simu chini katikati ya spani, si mfukoni.

Vihisi vingeokoa daraja la I-35W?

*Naishi Minneapolis na navuka daraja jipya kila siku. Nasikia limejaa vihisi. Vingekuwepo kwenye la zamani, wale watu wangepona?*
Msomaji, Minnesota

Daraja la zamani la barabara ya I-35W, Marekani, lilianguka tarehe 1 Agosti 2007 jioni, watu 13 wakafa na 145 wakajeruhiwa. Uchunguzi ulikuta kwamba bamba za chuma zinazounganisha vyuma kwenye maungio kadhaa zilikuwa na unene wa nusu inchi pale zilipotakiwa kuwa na inchi moja, kosa la michoro ya tangu mwanzo. Siku hiyo vifaa na kokoto za ukarabati vilikuwa vimerundikwa juu ya sehemu hiyohiyo. Daraja jipya lilifunguliwa Septemba 2008 likiwa na vihisi zaidi ya 300.

Jibu letu ni kwamba huenda visingewaokoa. Kihisi hufungwa pale mhandisi anapohofia, na hakuna aliyezihofia bamba hizo. Uchungu wake ni kuwa picha za mwaka 1999 na 2003 zinaonesha bamba hizo zimeshapinda kidogo. Ushahidi ulikuwepo, na hakuna aliyerudi kupiga hesabu ya unene.

Uskoti kuna mfano wa upande wa pili. Daraja la Forth Road lilikuwa na vihisi vya kusikiliza nyaya zake kuu tangu 2006, kwa sababu kutu ilikuwa imeonekana humo. Desemba 2015 hatari ikatokea mahali pengine kabisa, kiungo cha chuma chini ya sitaha karibu na mnara, na walioikuta ni wakaguzi kwa macho. Daraja likafungwa tarehe 4, kabla mtu hajaumia. Baada ya matengenezo, vihisi vikafungwa hapo pia. Ukisikia daraja lina vihisi 300, uliza pia wakaguzi wanapita mara ngapi.

Kengele ikilia usiku, iende kwa nani?

*Mfumo wetu umefungwa na unafanya kazi. Umeshatuma SMS 40 za tahadhari mwezi huu, zote bila sababu. Watu wameanza kuzizima.*
Msimamizi wa barabara, Morogoro

Kuzizima kwao ndiyo hatari kubwa mliyonayo sasa, kwa hiyo shughulikieni leo. Kengele isitegemee somo moja. Iwe ni masomo matatu mfululizo, na ikiwezekana vihisi viwili vya aina tofauti: maji yamepanda na nguzo imeinama. Kihisi kimoja kikiruka ghafla kwenda mwisho wa kipimo chake, hiyo mara nyingi ni waya uliokatika au nyigu aliyejenga ndani ya boksi, na iende kwa fundi peke yake.

Ngazi ziwe tatu. Ya kwanza inaandikwa kwenye seva na kusomwa asubuhi. Ya pili inampigia simu mhandisi wa zamu, isiwe SMS, na asipopokea ndani ya dakika 10 inampigia wa pili. Ya tatu inafunga daraja: mlinzi au mwenyekiti wa kijiji anayekaa jirani awe na ufunguo wa kizuizi, koni, taa mbili na karatasi yenye saini inayompa ruhusa ya kufunga bila kusubiri simu ya mkubwa. Ijaribuni mara mbili kwa mwaka, na jaribio moja liwe usiku wa mvua.

Na kituo kitume salamu kila saa hata kama hakuna jipya. Salamu mbili zikikosekana wakati mto umejaa, hesabuni hiyo kuwa ngazi ya pili, kwa sababu mafuriko yanayofukua nguzo ndiyo hayohayo yanayozoa mlingoti wa antena.